Marinda Mia Sita

Hawe alianza kwa kunawa mikono. Alisugua kwa sabuni ya kipande hadi kwenye viwiko, akajifuta kwa leso kavu, kisha akaiacha mikono ipigwe na upepo kidogo kabla hajagusa kitambaa. "Bafuta haifichi kitu," aliniambia. Jora lilikuwa limelazwa juu ya mkeka chini ya mkorosho, nje ya nyumba yake huku Junju, na kwa weupe wake nami nikajikuta nimevua viatu bila kuambiwa.

Junju iko Kilifi Kusini, upande wa bara wa barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Unashuka matatu, unapanda bodaboda, unayaacha nyuma mashamba ya mkonge ya Vipingo, unaingia penye minazi, mikorosho na mahindi. Wenyeji wengi ni Wachonyi na Wagiriama, watu wa Mijikenda. Hawe, kwa Kigiriama, ni nyanya, na huyu kila mtu humwita hivyo, aliye mjukuu wake na asiye. Kazi yake ni kushona mahando: vazi la kiunoni la wanawake wa Mijikenda, lenye marinda mengi na safu juu ya safu, linaloishia magotini. Alijifunza kwa mama yake akiwa msichana, na mkono haujaiacha kazi hiyo mpaka leo.

Nilikwenda kwake kwa sababu ya swali moja. Mwanamke wa Kiitaliano aliyekaa Kilifi miaka kadhaa, rafiki wa ukoo wa Hawe, alikuwa amealikwa harusini. Mama wa bibi harusi alimwomba avae hando kama wanawake wengine wa upande wao. Alikubali kwa furaha, halafu usiku wasiwasi ukamwingia: je, atakuwa amewaheshimu wenyeji, au atakuwa amewaigiza? Mjukuu wa Hawe, kijana wa Chuo Kikuu cha Pwani, alikuwa na jibu lake tayari. "Akivaa yeye atasifiwa na kupigwa picha," alisema. "Dada yangu akivaa kwenda nalo mjini, ataitwa mshamba. Hilo ndilo linaloniuma." Hawe aliwasikiliza wote wawili. Kisha akasema kwamba mgeni hana hando, kwa hiyo lishonwe kwanza, maneno yatafuata. Nikaomba ruhusa nikae nitazame.

Kipimo kilichukuliwa kwa uzi. Hawe alimsimamisha mgeni juu ya mkeka, akauzungusha uzi kiunoni, akafunga fundo. Akaushusha kutoka kiunoni hadi juu kidogo ya goti, akafunga fundo la pili. Akamwambia achuchumae, akaupima uzi tena, maana kiuno cha mtu aliyesimama si kiuno cha mtu anayecheza ngoma. Akaongeza upana wa vidole viwili, akafunga fundo la tatu. Hakuandika chochote. Uzi ule wenye mafundo matatu aliuzungusha kwenye msumari mlangoni, na kwa siku zote nilizokaa pale ulikuwa unaning'inia, kila mara akiurudia kama mtu anayerudia ahadi.

Kitambaa nacho alikipima kwa mwili wake. Alinyoosha mikono yote miwili, akavuta bafuta kutoka ncha ya vidole vya kulia hadi ncha ya vidole vya kushoto: pima moja. Alihesabu pima saba na dhiraa moja, ambazo kwa futi ya fundi zilitoka mita 12. Kitambaa kilikuwa na upana wa wari moja. Alitafuta katikati ya upana huo kwa kukunja, akakata kwa mkasi tundu dogo lisilozidi ukucha, kisha akauweka mkasi kando.

"Shika huko," alimwambia mjukuu wake. Kijana akashika ncha moja, yeye akashika nyingine, wakavuta. Bafuta ikararuka kwa mlio mrefu uliokwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mita 12. Nilimwuliza kwa nini hakukata kwa mkasi. Akanionyesha ukingo: umenyooka kuliko mstari wowote ninaoweza kuuchora. Mkasi huenda anakotaka mkataji, akasema, lakini kitambaa kikiraruliwa hufuata uzi wake chenyewe, na hando lisilofuata uzi hulegea upande mmoja baada ya kufuliwa mara tatu. Sasa alikuwa na vipande viwili virefu, jumla mita 24. Aliviunganisha, akavigawa tena kuwa vitatu vya mita nane nane: cha safu ya ndani, cha kati na cha juu.

Nilipoiona bafuta imetandazwa hivyo, nilikumbuka imetoka wapi. Kabla ya pamba, bibi zetu walivaa ngozi na majani. Kitambaa kilikuja kwa bahari, na jina la bafuta lenyewe ni la Kiajemi, likimaanisha kilichofumwa. Katika karne ya 19 nguo ya pamba ya viwanda vya Massachusetts ilifika kwa wingi hapa pwani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, ndiyo maana watu wakaiita marekani. Nguo iliingia bara kupitia bandari kama Takaungu, ambayo iko karibu na hapa, mji ambao baadhi ya Wamazrui waliotawala Mombasa walihamia baada ya kushindwa huko mwaka 1837. Wamijikenda walipeleka nafaka na pembe, wakarudi na nguo. Lakini nguo ile haikuvaliwa kama ilivyovaliwa Massachusetts wala Muscat. Wanawake wa huku waliirarua, wakaikunja, wakaifanya hando. Kitambaa ni cha mgeni. Marinda ni yetu.

Siku ya pili ilikuwa ya pindo. Hawe alikunja ukingo wa chini mara mbili, kila mkunjo ukiwa mwembamba kama ubua wa kiberiti, akaulainisha kwa ukucha wa gumba. Uzi aliupitisha kwanza kwenye donge la nta ya nyuki, kwenda na kurudi, mpaka ukaacha kujisokota. Alishona kwa sindano fupi, akishika uzi mmoja tu wa kitambaa upande wa nje, kiasi kwamba ukitazama kwa mbele huoni mshono. Cherehani iko ndani ya nyumba, ya mkwewe, na inafanya kazi vizuri. Nilimwuliza kwa nini asiitumie walau kwa pindo, maana mita 24 si mchezo. Alinipa ncha ya hando jingine lililopindwa kwa cherehani, akaniambia nilitikise. Pindo lilikuwa gumu kama ukamba. Kisha akanipa alilolishona yeye. Lilianguka mkononi kama maji. "Hando linacheza kwa pindo," alisema. "Pindo likikakamaa, mchezaji atahangaika peke yake."

Siku ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa za bandi, na hapo ndipo nilipoijua kazi yenyewe. Hawe alivunja uchukuti wa jani la mnazi, akaukata kipande cha sentimita mbili, akakifanya kipimo chake. Akaweka uchukuti juu ya kitambaa, akachoma sindano mwisho wake. Akausogeza, akaitoa sindano mwisho wa pili. Kushuka sentimita mbili, kupanda sentimita mbili. Kila kushuka na kupanda ni rinda moja. Alipomaliza mstari wa kwanza alianza wa pili chini yake, akihakikisha kila tundu la sindano limekaa sawasawa chini ya tundu la juu. Mistari miwili isipolingana, marinda yatakwenda mshazari na hakuna pasi itakayoyanyoosha.

Kwa nusu saa ya kwanza niliona ni kazi ya kujirudia tu. Baada ya hapo niliona mengine. Niliona kwamba mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi ngumu, kwa kukivuta kitambaa kidogo ili sindano ya mkono wa kulia ikikute kimekaza. Niliona kwamba hupumua wakati wa kupanda, kamwe si wakati wa kushuka. Niliona kwamba kila baada ya marinda 20 hufunga kipande cha uzi mwekundu ukingoni, na hivyo hahesabu kamwe zaidi ya 20. Mazungumzo hayamkatizi. Alinijulia hali ya mama yangu, akamkemea kuku, akamwelekeza mjukuu wa kike wa miaka kumi na mbili mahali palipo na unga, na uchukuti ukaendelea kusogea.

Mchana wa siku ya nne alisimama ghafla. Alirudi nyuma kwa vidole, rinda baada ya rinda, macho akiwa ameyaelekeza mbali, kwa maana macho yake hayaoni tena vizuri kwa karibu na vidole ndivyo vinavyosoma. Alifika mahali fulani akasimama. Rinda moja lilikuwa na sentimita mbili na nusu. Kati ya hilo na mahali alipokuwa amefika kulikuwa na marinda zaidi ya 30. Aliyafumua yote. Hakuguna wala hakusema pole kwa yeyote. Alinyoosha uzi, akaupaka nta upya, akaanza tena. Nilipomwambia kwamba hakuna mtu harusini ambaye angeliona, alinitazama kwa upole. "Lenyewe lingejua, mwanangu."

Jioni ya siku ya tano alinionyesha jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri bila kujua. Alifunga ncha za nyuzi mbili upande mmoja, akazishika ncha za upande wa pili, akaanza kuvuta taratibu, huku mkono mwingine ukisukuma kitambaa nyuma. Mita nane zikaanza kujikusanya. Marinda yaliinuka moja baada ya jingine na kusimama wima, mgongo kwa mgongo, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Alipomaliza, kile kilichokuwa kimetandaa uwanja mzima kilikuwa kimebaki sentimita 80 tu, na ndani yake mlikuwa na marinda 200, kila moja likichukua nafasi ya milimita nne. Safu tatu: marinda 600. Nilipitisha kidole juu yake, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya upepo kwenye makuti.

Usiku marinda hulazwa. Hawe alinyunyiza maji kwa vidole, akayapanga yote yaelekee upande mmoja kwa kutumia sindano butu ya gunia, akaizungushia kila safu leso ya zamani, akaziweka chini ya ubao na juu ya ubao jiwe la kusagia. "Nayo yalale," alisema, "kama watu." Kulipopambazuka yalikuwa yameshika, makali na mororo kwa pamoja.

Wakati safu zinalala, tulirudia lile swali. Mgeni alikuwa amekuja kuangalia kazi, na alipoona uzi wenye mafundo yake ukining'inia mlangoni alinyamaza muda mrefu. Akauliza waziwazi: je, mtu kama yeye anafaa kulivaa vazi hili? Kijana naye akarudia uchungu wake, safari hii kwa utulivu, na mimi nikajua kwamba uchungu huo unanihusu. Nilipokuwa shule ya msingi, nyanya yangu alikuwa bado anavaa hando kila siku. Siku ya wazazi nilimwomba asije nalo. Hakunikaripia. Alikuja amevaa gauni la kuazima lililombana mabegani, akakaa nyuma kabisa, na tangu siku hiyo sikumwona tena na hando mbele ya watu. Hakuna mgeni aliyelivua hando la nyanya yangu. Nililivua mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kuona haya. Kwa hiyo nilimwelewa kijana yule. Vazi lililomfedhehesha mwenyewe likimpa mwingine sifa, hapo pana dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia.

Swali hili si la Junju peke yake. Mwaka 2015 jumba la sanaa la Boston, Marekani, liliwaalika watazamaji wajaribu kuvaa kimono mbele ya mchoro ambao Monet alimchora mkewe akiwa amevaa vazi hilo mwaka 1876. Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia waliandamana, wakisema nguo ya watu imegeuzwa mchezo. Wajapani wengine wakafika wakiwa wamevaa kimono zao, wakasema wao wanafurahi mgeni akivaa. Jumba likaacha kuwavisha watu, likaruhusu kugusa tu. Huko Kyoto kwenyewe maduka hukodisha kimono kwa watalii kila siku, na mafundi wanategemea hilo. Lakini mwaka 2019, mtu maarufu wa Marekani alipotaka neno kimono liwe jina la biashara yake ya nguo za ndani, meya wa Kyoto aliandika barua kupinga, na jina likabadilishwa. Sisi pia tumeyaonja: mnamo mwaka 2007 na 2008 Wakenya walipambana na kampuni moja ya Uingereza iliyotaka kusajili neno la kikoi kuwa mali yake, mpaka ombi hilo likaachwa. Ukiyatazama haya pamoja, unaona kwamba watu hawakugombana sana na mgeni aliyevaa. Waligombana na aliyetaka kuvaa bila mvishaji, au kumiliki bila fundi.

Kenya imeliona hilo hata kwenye sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge lihakikishe jamii zinalipwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ni jambo jema. Lakini nilipokuwa nimekaa chini ya mkorosho ule niliona sheria nyingine, ya zamani zaidi, ambayo imeshonwa ndani ya vazi lenyewe. Nitaieleza utakapofika wakati wake, kwa sababu Hawe hakuieleza mpaka kazi ilipomfikisha hapo.

Siku ya sita na ya saba zilikuwa za mshipi. Mshipi ni utepe wa bafuta uliokunjwa mara nne, wenye ncha ndefu za kufungia. Hawe alianza na safu ya ndani. Kila rinda alilishika kwenye mshipi kwa mishono miwili, mmoja juu ya mgongo wa rinda na mmoja ndani yake, kisha akavuta uzi mpaka usikike. Hesabu yake ni rahisi kusema: marinda 600, mishono 1,200. Kuitenda ni jambo jingine. Subana yake ya shaba ilikuwa na vishimo vilivyokwisha kulika, na kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu mahali pale pale sindano inaposukumwa. Safu ya kati aliishona upana wa kidole juu ya ya ndani, na ya juu upana wa kidole tena, ili mapindo matatu yaonekane kama ngazi. Aliyapanga marinda ya safu moja yasikae juu ya marinda ya nyingine, bali katikati yake. Yakikaa pamoja, alisema, hando huwa zito bure. Yakipishana, hewa hupita na nguo huinuka.

Mjukuu wa kike alipewa mshipi wa zamani ajifunze. Alishona marinda kumi, akampelekea nyanya yake. Hawe aliyapitisha vidoleni, akayafumua nane, akamrudishia. "Mawili ni yako," alimwambia. Mtoto aliondoka akiwa ameyashika mawili hayo kama mtu aliyepewa zawadi, na kweli alikuwa amepewa.

Siku ya nane Hawe alichomoa uzi wa chini wa bandi, akauacha wa juu. Marinda yakaachia kuanzia katikati kwenda chini, yakatanuka kama kuku anayefunika vifaranga. Alilifua hando kwa maji yenye buluu kidogo, akaliweka kanji nyepesi, akalianika kivulini likiwa limeshikwa kwa mshipi. Siku ya tisa lilikuwa tayari.

Bei Hawe alikuwa ameitaja tangu siku ya kwanza: bei ya bafuta, ya uzi, na ya siku tisa za mtu mzima. Mgeni hakuomba apunguziwe. Alikuwa ameziona siku zenyewe.

Asubuhi ya harusi ndipo sheria ile ilipojionyesha. Mgeni alilichukua hando, akajaribu kujifunga mwenyewe chumbani. Haikuwezekana. Mshipi unazunguka kiuno mara mbili, na marinda hufunguka nyuma mahali ambapo mikono ya mvaaji haifiki. Alitoka akiwa amelishikilia, uso umemwiva. Hawe alikuwa ameketi kwenye kigoda anangoja.

"Hando halivaliwi," alisema. "Hufungwa. Geuka."

Kwanza alimfunga kata nyuma ya kiuno, leso kuukuu iliyokunjwa na kusokotwa, ili marinda yapate mahali pa kuegemea. Juu yake akaleta hando, akamwambia avute pumzi, akaivuta ncha ya kwanza. Akamwambia aitoe, akaivuta ya pili. Akamchuchumalisha, akamwinua, akaingiza vidole viwili kati ya mshipi na ngozi. Vikaingia bila shida, akafunga. Kisha akamzunguka taratibu akiyapapasa marinda, akiyarudisha mahali pake yale yaliyopotoka, mpaka akafika tena mbele. Mama wa bibi harusi akamtupia leso mabegani. Kulikuwa pia na kishutu kwenye kapu, ile leso ya kale ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mgeni aliigusa akiuliza. Hawe akaisogeza kando bila ukali. Ile ilikuwa ya bibi harusi. Mgeni akaitikia kwa kichwa.

Nikakumbuka Kaya Kinondo kule Kwale, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huko mgeni haulizwi kama angependa kuvaa. Haingii msituni mpaka afungwe nguo nyeusi kiunoni, na anayemfunga ni mwenyeji. Hilo na hili la Junju ni jambo moja. Nguo zetu hizi zinataka mtu wa pili. Ili uzivae, lazima asimame nyuma yako mmoja wa wenyewe, akuambie uvute pumzi, aamue ni kipi chako na kipi si chako. Asiye na wa kumfunga hana hando, hata akiwa amelilipia. Aliye naye amesharuhusiwa, na ruhusa yake iko kwenye fundo.

Harusini mgeni alicheza ngoma ya gonda vibaya mwanzoni, kisha vizuri kidogo. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa macho ya wanawake hayakuwa usoni kwake. Yalikuwa kwenye marinda. Alipogeuka, safu tatu ziligeuka baada yake, ya juu kwanza, ya kati, ya ndani, zikatulia kwa mpangilio ule ule. Nilisikia mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake: "Hili ni la nani?" Yule mwenzake hakumtaja mvaaji. Alisema, "La Hawe." Kijana wa chuo alikuwa amesimama karibu nami. Hakusema kitu, lakini nilimwona akimtafuta dada yake kwa macho. Naye alikuwa uwanjani, amefungwa hando la mama yao, anacheza.

Siku mbili baadaye nilirudi Junju kuaga. Hawe alikuwa chini ya mkorosho na jora jipya, lililonunuliwa kwa fedha za lile la kwanza, kwa ajili ya wanawake wanaokwenda Malindi mwezi Agosti kwenye sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914. Mikono yake ilikuwa imeshanawa. Nilimwamkia, akaitikia, na nikakaa kimya nikiutazama msumari pale mlangoni, ambao sasa ulikuwa mtupu.

Nilimwambia habari ya nyanya yangu na siku ya wazazi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote tangu utotoni. Hawe alisikiliza huku akiuvuta uzi kwenye nta, kwenda na kurudi. Nilipomaliza hakusema pole, wala hakunilaumu. Alikata kipande kirefu cha uzi, akasimama kwa taabu akishika goti.

"Panda kwenye mkeka," alisema. "Nyoosha mgongo."

Nikavua viatu, nikapanda. Akauzungusha uzi kiunoni mwangu, akafunga fundo la kwanza.